Mtama chotara wa malisho: hesabu ya misimu miwili, kutoka tambarare hadi horini

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni mbegu ya mtama chotara wa malisho, ule uliopatikana kwa kuchanganya mtama na nyasi za Sudani, ambao siku hizi huuzwa katika maduka ya pembejeo kwa mifuko ya kilo moja moja. Nimeupanda kwa misimu miwili ya masika mfululizo katika ekari moja ya tambarare, upande wa chini wa Boma Ng'ombe, kwa ajili ya ng'ombe watatu wa maziwa ninaowafuga kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, huko juu Machame, mlimani Kilimanjaro. Uamuzi wangu nauweka mbele ili mwenye haraka asisubiri: mbegu ni nzuri na nitaendelea kupanda malisho ya msimu, lakini haimlipi kila mfugaji. Bei ya mfuko ina uzito mdogo sana katika jambo hili. Yanayoamua ni mambo mawili ambayo muuzaji hakuniambia: umbali kati ya shamba na hori, na siku utakayoingiza mundu shambani.

Chapa siitaji, kwa sababu ninachokipima ni zao lenyewe. Nimetumia chapa mbili tofauti, na tofauti niliyoiona kati yake ni ndogo kuliko tofauti kati ya kukata mapema na kuchelewa.

Kwanza nieleze kwa nini mbegu hii hununuliwa kila msimu, maana wengi huliona hilo kuwa ujanja wa wafanyabiashara. Mtama ni zao la Afrika tangu asili. Nyasi za Sudani zilichukuliwa Khartoum na kupelekwa Marekani mwaka 1909, zikaenea huko kama malisho ya majira ya joto. Mwaka 1954 watafiti wa huko walitangaza njia ya kupata mtama wa kike usiotoa chavua yenye uhai, na hapo ndipo ikawezekana kuzalisha mbegu chotara kwa wingi na kwa bei ya kibiashara. Chotara hii hupata nguvu yake katika kizazi cha kwanza tu. Ukivuna punje zake na kuzipanda tena, utapata shamba la mimea isiyolingana, mingine mirefu na mingine mifupi, na mavuno yatashuka. Kwa hiyo gharama ya mbegu ihesabiwe kila mwaka, kama mbolea inavyohesabiwa, tofauti na mabingobingo ambayo ukishayapanda unakata kwa miaka mingi.

Niliponunua mara ya kwanza, muuzaji wa duka moja alinihakikishia kwamba nitakata mara nne. Si kweli kwa shamba linalotegemea mvua ya masika peke yake. Mimi nimekata mara mbili, na machipukizi ya mara ya tatu yalifika magotini kisha ardhi ikakauka. Mwenye maji ya mfereji huenda akafika huko, lakini mimi sina, na wengi wa tambarare hawana. Mbegu za duka hilo pia zilikuwa za muda mrefu rafuni: nilipotandaza punje 100 juu ya kitambaa chenye unyevu, ni 71 tu zilizochipua, wakati mfuko nilionunua kwingine msimu wa pili ulitoa 90. Jaribio hili huchukua siku tano na halihitaji senti. Kama ningelifanya kabla ya kupanda badala ya baada ya kuona mapengo shambani, ningeongeza kiasi cha mbegu au ningeurudisha mfuko.

Sasa hesabu. Nazitoa za msimu wa pili, kwa sababu msimu wa kwanza sikuwa naandika kila kitu. Kulima kwa trekta na kupiga haro kulinigharimu shilingi 100,000. Mbegu kilo 8 kwa shilingi 12,000 kila kilo, 96,000. Nusu mfuko wa mbolea ya DAP na mfuko mmoja wa mbolea ya urea, 108,000. Kupanda 30,000, palizi moja 50,000, dawa ya viwavijeshi pamoja na kupulizia 30,000, kwa maana tangu kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini mwaka 2017 hachagui kati ya mahindi na mtama. Kukata mara mbili, 120,000. Shamba ni la familia, lakini nimelitoza kodi ya shilingi 80,000, kwa kuwa hiyo ndiyo fedha ambayo ningepokea kama ningemkodisha mtu alime mahindi. Mkulima asiyejitoza kodi ya shamba lake hujidanganya kwamba amepata faida. Jumla ni shilingi 614,000.

Mavuno nilipima kwa njia ambayo yeyote mwenye kamba na mizani anaweza kuifuata. Nilichukua miraba minne ya mita mbili kwa mbili katika sehemu tofauti za shamba, nikakata kila kilichokuwa ndani, nikapima. Mkato wa kwanza ulitoa wastani wa kilo 11 kwa mraba, ambao kwa ekari ni takriban tani 11 za majani mabichi. Mkato wa pili ulitoa tani 7. Tani 18 kwa ekari moja ni tarakimu inayopendeza, na ndiyo tarakimu ambayo wauzaji huitangaza, lakini ng'ombe haishi kwa maji. Nilichukua kilo moja ya majani ya mkato wa kwanza, nikayakata vipande vidogo, nikayaanika juani juu ya turubai kwa siku nne nikiyaingiza ndani kila jioni, na yaliyobaki yalikuwa mkono mmoja wa majani makavu yenye uzito wa gramu 200. Ukiondoa unyevu mdogo ambao jua haliwezi kuumaliza, uzito mkavu ni kama gramu 180, yaani asilimia 18. Mkato wa pili, uliokua wakati mvua zinapungua, ulikuwa asilimia 22. Kwa hiyo katika tani zile 18, chakula chenyewe kilikuwa kilo 3,520, na kila kilo ya uzito mkavu ilinigharimu shilingi 174 ikiwa imelala shambani.

Shilingi 174 ni bei nzuri mno. Robota la nyasi kavu la kilo 15 lilikuwa likiuzwa kwetu shilingi 3,000 mwezi wa sita na shilingi 6,000 kiangazi kilipokaza, na kwa kuwa nyasi kavu nazo hubaki na unyevu wa asilimia kumi hivi, hiyo ni shilingi 222 kwa kilo ya uzito mkavu wakati wa wingi na shilingi 444 wakati wa shida. Ukiishia hapo, utadhani umegundua dhahabu. Lakini malisho yangu yalikuwa bado yako tambarare, na ng'ombe wako mlimani.

Msimu wa kwanza nilifanya kama wazazi wetu walivyofanya na mabua ya mahindi: kilichokatwa kilipakiwa na kupandishwa nyumbani. Nilikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwa shilingi 25,000 kwa safari, kikabeba kilo 700 kila mara, safari 14. Sikuona kosa langu mpaka nilipokaa na daftari. Katika kilo 700 za majani mabichi, chakula ni kilo 126 tu na kilo 574 ni maji. Nauli peke yake ilikuwa shilingi 198 kwa kilo ya uzito mkavu, kubwa kuliko gharama yote ya kulima, kupanda, kupalilia na kukata. Kwa gharama za kulima nilizozieleza hapo juu, malisho hayo yalikuwa yakifika horini kwa shilingi 372, tena katika miezi ambayo ningeweza kununua marobota kwa 222, na ambayo kihamba chenyewe kilikuwa kimejaa majani kingoni mwa makinga maji. Mabua ya mahindi yanavumilia safari ile kwa sababu huondoka shambani yakiwa yamekwisha kukauka. Mtama mbichi hauvumilii.

Msimu wa pili nilibadili utaratibu. Mtama ulikatwa asubuhi, ukaachwa umelala kwenye mistari hadi mchana wa siku ya pili, unyevu ukashuka mpaka uzito mkavu ukawa kama asilimia 33. Kipimo cha shambani ni kuubana mkononi baada ya kukatwakatwa: ukiona maji yanatoka kati ya vidole bado ni mbichi, na ukifungua kiganja tonge likaachana polepole bila kuacha maji, umefika. Kisha nikakodi kikundi cha vijana wenye mashine ya kukatakata inayovutwa na pikipiki ya magurudumu matatu. Huduma yao naisifu bila kusita: walifika saa waliyoahidi, visu vilikuwa vimenolewa, vipande vilitoka na urefu wa kama sentimita mbili, na walikubali kulipwa kwa uzito uliopimwa, si kwa siku. Vipande vilinyunyiziwa molasesi iliyochanganywa na maji, vikashindiliwa katika mifuko ya nailoni iliyowekwa ndani ya viroba, kilo 40 kila mmoja, hewa ikabanwa nje na mdomo ukafungwa kwa mpira wa baiskeli. Kukatakata kulinigharimu shilingi 45 kwa kilo ya uzito mkavu, na mifuko pamoja na molasesi shilingi 80. Hiyo ndiyo saileji yangu, yaani malisho yaliyochachushwa bila hewa ili yasioze.

Hasara ilikuwa kama sehemu moja ya kumi. Adui hakuwa ukungu kwa kuanzia, alikuwa panya. Panya mmoja akitoboa tundu dogo kwenye kona ya mfuko, hewa huingia, na baada ya wiki tatu utafungua kiroba cheusi chenye utelezi na harufu ya mbolea. Nilipojenga chanja na kupaka majivu miguuni mwake, matundu yalipungua sana. Baada ya hasara hiyo nilibaki na kilo 3,168 za uzito mkavu, zikapanda mlima kwa safari 14.

Msomaji azitazame safari hizo 14 mara mbili. Ni idadi ile ile ya msimu wa kwanza, kwa nauli ile ile ya shilingi 350,000, lakini mara ya kwanza zilileta kilo 1,764 za chakula na mara ya pili kilo 3,168. Zaidi ya hayo, kirikuu kilikuwa kikishuka na samadi ya zizini badala ya kushuka kitupu, na sikuihesabia samadi hiyo senti hata moja katika faida, ingawa shamba linaijua.

Jumla ya kila kitu, kuanzia trekta hadi kushusha mifuko nyumbani, ni shilingi 1,404,000, yaani shilingi 443 kwa kilo ya uzito mkavu iliyofika horini. Robota la kiangazi ni 444. Tofauti ni shilingi moja.

Nilipofika kwenye mstari huo wa daftari nilivunjika moyo, na nadhani wengi wangeacha hapo. Lakini kilo ya nyasi kavu za mwezi wa kumi na kilo ya saileji iliyotokana na mtama uliokatwa mapema si chakula kimoja. Nyasi hizo huwa zimevunwa baada ya kukomaa na kutoa mbegu, na protini yake imeshuka. Kwa miezi ya saileji, kila ng'ombe alipata kilo 6 za uzito mkavu badala ya kiasi kile kile cha marobota, na sikubadili pumba wala mashudu ya alizeti. Ng'ombe wawili waliokuwa katika hatua ile ile ya ukamuaji kama kiangazi kilichotangulia walitoa lita moja na nusu zaidi kila mmoja kwa siku. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita, hizo ni shilingi 3,000 kila siku, na akiba ya siku 176 niliyoianza mwezi wa tisa, nikiipumzisha kidogo wakati wa vuli, ikaleta shilingi 528,000. Ng'ombe wa tatu alikuwa na mimba na amekauka, simuhesabu. Faida ya zao hili kwangu, basi, haikutoka katika unafuu wa malisho. Imetoka katika ubora wake, na ubora huo unatokana na tarehe ya kukata.

Hapa ndipo nilipokosea zaidi msimu wa kwanza. Niliusubiri mtama utoe masuke na punje zianze kujaa, kwa tamaa ya kuuona mrefu. Ulinipita kimo, nikafurahi, na ng'ombe wakanifundisha: katika kila kilo 20 nilizoweka horini, walikula majani na sehemu laini, wakaacha kilo 6 za mabua magumu kama ya mwanzi. Karibu theluthi moja ya zao nililolilima, nikalikata na kulilipia nauli, niliitupa kwenye shimo la samadi. Msimu wa pili nilikata siku ya 52, mtama ukiwa umefika kifuani na umebeba mimba lakini suke halijachungulia. Tani zinakuwa chache zaidi, na horini hakubaki kitu.

Kimo cha kukata nacho kina gharama yake. Wakataji wetu wamezoea kukata chini kabisa, na mzee mmoja aliyekuwa akinisaidia aliinuka na mundu wake akaniambia kwa upole, "Mama, ukiacha visiki hivi unaacha chakula shambani." Nilimwomba akate mistari miwili kwa desturi yake na iliyobaki aache visiki vya shibiri moja, vyenye pingili mbili. Baada ya wiki mbili tulirudi pamoja. Mistari yake ilikuwa na machipukizi machache yenye rangi ya njano, na mingine ilikuwa imefunga ardhi isionekane. Alizunguka akihesabu kwa kidole, kisha akasema, "Basi Mama, hapa nimejifunza." Shibiri hiyo ina faida nyingine: katika ukame, naitreti, chumvi ya nitrojeni ambayo ikizidi humdhuru mnyama, hujikusanya zaidi sehemu ya chini ya shina, na haitoki kwa kukausha.

Urea ya baada ya mkato wa kwanza isiachwe kwa kisingizio cha kubana matumizi. Niliacha kipande kimoja bila urea, nacho kikatoa kama tani 5 kwa ekari badala ya 7. Nusu mfuko wa shilingi 35,000 ulinipa kilo 440 za uzito mkavu wa nyongeza, yaani shilingi 80 kwa kilo. Hakuna malisho mengine niliyoyapata kwa bei hiyo.

Kuna hatari moja ambayo ingefaa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila mfuko. Mtama mchanga, na hasa machipukizi yanayotokea baada ya ukame, yana kiini kinachogeuka kuwa sumu ya sianidi tumboni mwa mnyama. Mwezi wa nane wa msimu wa pili nilikuwa nimemshusha mtamba wangu tambarare kwa wiki moja. Alikata kamba akaingia kwenye machipukizi ya magotini, yaliyokuwa yamepata manyunyu baada ya wiki nyingi za ukavu. Nilimkuta akihema kwa haraka, miguu ikitetemeka, fizi zikiwa na wekundu mkali usio wa kawaida. Daktari wa mifugo alikuwa karibu, akamchoma sindano ya dawa mshipani, na mtamba akapona. Kama angechelewa, ningekuwa nimepoteza mnyama mwenye thamani kubwa kuliko faida yote niliyoieleza. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba hakuna mnyama anayegusa mtama ulio chini ya sentimita 60, na machipukizi ya baada ya ukame hayaliwi mabichi kabisa. Saileji iliyokaa wiki tatu na zaidi, au majani yaliyokauka vizuri, hupunguza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwenye farasi asiwalishe zao hili, maana huwaletea maradhi ya kibofu na miguu ya nyuma, na mwenye punda ni vyema achukue tahadhari hiyo hiyo.

Kwa nani basi ninaipendekeza? Kwa mfugaji ambaye zizi lake liko tambarare, karibu na shamba, bila shaka yoyote. Huyo halipi kirikuu, na anaweza kushindilia saileji katika shimo lililotandikwa nailoni kwa kama shilingi 20 kwa kilo badala ya 80 za mifuko. Nimepiga hesabu yake kwa hasara ile ile ya moja ya kumi nikapata shilingi 266, dhidi ya 444 za robota la kiangazi. Kwa sisi wa vihambani, ipandwe kwa ajili ya kiangazi tu, inyaushwe kabla ya kupakiwa, na walishwe ng'ombe wanaokamuliwa, siyo waliokauka. Kuipanda huko juu kabisa sishauri. Hili ni zao la joto, na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba ya upande wa juu wa Machame lilinisimamia pale pale, majani yakigeuka njano, katika kipande kidogo nilichojaribia. Na kwa mwenye ekari moja tu ambayo ndiyo inayomlisha ugali mwaka mzima, mahindi yabaki, mabua yake yakusanywe vizuri, na fedha za mbegu azielekeze kwenye mabingobingo ya kingoni.

Masika inayokuja nitaigawa ekari yangu. Nusu itakuwa mtama huu huu, na nusu itakuwa uwele wa malisho, ambao mavuno yake kwa majirani waliojaribu ni madogo kidogo lakini hauna sumu ya sianidi, kwa hiyo machipukizi yake ya mwisho yanaweza kuliwa na mtamba pale pale shambani. Mfuko wa uwele nimeshaununua, na punje 100 ziko kwenye kitambaa chenye unyevu juu ya kabati tangu juzi. Asubuhi hii zilikuwa zimechipua 88.